Starehe Isiyokaa: Kilevi, Mazoea na Wakati katika Fasihi ya Eastlands, Nairobi

Uhakiki wa riwaya ya jiji nchini Kenya umezoea kuusoma ulevi kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya kimaadili: mhusika anayekunywa, anayevuta bangi, anayetafuna miraa au anayekesha kwa malaya huchukuliwa kuwa kielelezo cha upotovu, na riwaya hupimwa kwa adhabu anayopewa kabla ya ukurasa wa mwisho. Njia ya pili ni ya kijamii: mhusika huyo huyo huchukuliwa kuwa mhasiriwa wa uchumi dhalimu, na chupa yake hufasiriwa kuwa mlango wa kuutoroka uhalisi usiovumilika. Wafuasi wa njia hizi wamebishana kwa muda mrefu, hasa tangu vitabu vya Charles Mangua na David Maillu vilipoanza kununuliwa kwa wingi katika miaka ya 1970. Hata hivyo, kuna jambo moja wanalokubaliana bila kujua. Wote wanachukulia kwamba kilevi kinafanya kazi yake. Kwa mtetezi wa maadili, kilevi ni kitamu mno, ndiyo maana ni hatari. Kwa mtetezi wa mnyonge, kilevi kinapunguza maumivu, ndiyo maana mnyonge anakirudia. Ni nadra mhakiki kuuliza kama mhusika anayekunywa anastarehe kweli.

Swali hilo linaulizwa na matini zenyewe, na linaulizwa kwa ukaidi. Mtu asomaye Going Down River Road (1976) ya Meja Mwangi akitafuta ukurasa ambao mtu anakunywa akafurahi, na furaha hiyo ikadumu hata kufika kesho yake asubuhi, atatafuta sana. Makala haya yanadai kwamba fasihi iliyochipuka katika mitaa ya mashariki ya Nairobi na pembezoni mwake haihusu utamu wa anasa wala uchungu wa umaskini peke yake. Inahusu watu wanaojua kwamba starehe haikai, na ambao ujuzi huo hauwazuii kuirudia. Kuwasoma watu hao kama wajinga wanaohitaji kuonywa, au kama wagonjwa wanaojiganga, ni kuwanyang'anya ujuzi ambao mwandishi amewapa.

Ifafanuliwe kwanza kwamba River Road yenyewe si Eastlands. Ni barabara ya katikati ya jiji, upande wa mashariki, ambapo mfanyakazi hupitia akielekea kwake. Lakini kwa msomaji wa Nairobi mpaka huo hauna uzito mkubwa: aliyelipwa mshahara mchana akateremka River Road jioni ndiye atakayeamkia Majengo, Shauri Moyo au Mathare asiwe na nauli. Mhusika wa Mangua katika Son of a Woman (1971), Dodge Kiunyu, mwana wa malaya, anasomeka vyema katika ramani hiyo hiyo.

Fasihi ya Kiswahili haikungoja jiji ili iseme kwamba raha hupita. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, iliyotungwa mwanzoni mwa karne ya 19, ni maombolezo ya Pate iliyoporomoka: majumba yenye vidaka vya vyombo vya sini yamegeuka makao ya popo na wadudu, na mshairi anauuliza moyo wake unangoja nini kuamka. Tangu Hichens alipoichapisha mwaka 1939, na James de Vere Allen tena mwaka 1977, utenzi huo umekuwa kipimo cha kila kauli ya Kiswahili juu ya ubatili wa dunia. Lakini kipimo hicho kina sharti ambalo halitajwi sana. Ili maombolezo ya Inkishafi yawe na nguvu, lazima starehe iwe ilikuwapo. Matajiri wa Pate walistarehe kweli kweli. Taa ziliwaka kweli. Mito ya kulalia ilikuwa laini kweli. Kilichowapokonya ni mauti na wakati, na wakati huo unahesabika kwa vizazi.

Eastlands hakuna magofu ya namna hiyo. Starehe haijengwi hata ikapata kubomoka. Katika riwaya za Mwangi, wakati unaoipokonya raha hauhesabiki kwa vizazi wala kwa miaka. Unahesabika kwa saa, na mara nyingine raha inakwisha glasi ikiwa bado nusu. Huu ndio umbali mkubwa baina ya mlevi wa Karara Centre na tajiri wa Pate, na ndio sababu mahubiri ya Inkishafi, kwa uzuri wake wote, hayamfikii huyu wa pili kizamani. Mtu hawezi kuonywa kwamba atanyang'anywa kitu ambacho hajakishika.

Majina yanaweza kutumika kama ushahidi. Mitaa iliyojengwa kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika kabla ya uhuru wa 1963 ilipewa majina yanayoahidi: Starehe, Bahati, Maringo, Kaloleni, Ziwani, Shauri Moyo, na baadaye Jericho na Jerusalem, miji ya Maandiko. Mtu aliyelala chumba kimoja na wenzake wanne angeweza kusema, bila kudanganya, kwamba anaishi Starehe. Sasa yatazamwe majina ambayo wakazi wa mitaa hiyo hiyo wamevipa vinywaji vyao. Chang'aa imeitwa machozi ya simba. Imeitwa pia kwa Kiingereza jina ambalo Mwangi alilifanya anwani ya riwaya yake ya 1973, Kill Me Quick, yaani niue upesi. Pombe iliyokuja kusifika vibaya mwishoni mwa miaka ya 1990 iliitwa kumi-kumi, kwa bei yake ya shilingi kumi. Machozi, kifo na bei. Hakuna jina hata moja kati ya hayo linaloahidi raha. Ahadi zimebandikwa kwenye nyumba. Vinywaji vimebaki na ukweli. Mhakiki anayesema kwamba mlevi wa Eastlands amedanganywa na chupa hajasikiliza jinsi mlevi anavyoiita.

Historia ya jambo hili inajulikana, ingawa wahakiki wa fasihi wanaipitia haraka. Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 kama makazi rasmi ya Waafrika, na katika muongo huo huo manispaa ya Nairobi ikajitwalia ukiritimba wa kuwauzia Waafrika pombe katika kilabu chake, kwa mfano uliotoka Durban. Faida iliingia katika mfuko wa huduma za Waafrika wenyewe. Maana yake ni kwamba mfanyakazi aliyekunywa zaidi alichangia zaidi ustawi wake, na aliyepika pombe nyumbani alikuwa mhalifu mara mbili, wa sheria na wa hazina. Baada ya uhuru, sheria ya mwaka 1980 iliipiga chang'aa marufuku kabisa. Sheria ya 2010 ya kudhibiti vileo ikaifuta marufuku hiyo na kuweka masharti ya utengenezaji na uuzaji. Katikati, mwaka 2004, kampuni kubwa ya bia ikaingiza sokoni Senator Keg, bia ya bei nafuu iliyopunguziwa ushuru ili kuwavuta wanywaji wa chang'aa. Kwa karibu karne nzima, basi, dola imekuwa na maoni juu ya kile ambacho mtu wa Eastlands anywe, na maoni hayo yamebadilika kila mara. Mnywaji hakuulizwa kama anafurahi.

Sasa irejelewe Going Down River Road. Ben, mwanajeshi aliyefukuzwa jeshini, na rafiki yake Ocholla ni vibarua katika ujenzi wa jumba liitwalo Development House. Wini, mwanamke anayeishi na Ben, anatoroka na mwajiri wake na kumwachia Ben mtoto asiye wake, Baby. Ben anahamia kibandani kwa Ocholla, bondeni mwa mto, ambako vibanda vinachomwa na watu wa Baraza la Jiji na kujengwa upya. Msuko huu ukielezwa hivi unaonekana kuwa na matukio mengi. Ukisomwa, hisia inayobaki ni ya kitu kimoja kinachorudiwa: kazi, kilabu, kibanda, kazi, kilabu, kibanda. Wahakiki kadhaa wamelaumu marudio haya kuwa udhaifu wa ploti. Lawama hiyo inakosea shabaha. Marudio ndiyo ploti. Kama jioni moja kule Karara Centre ingetosha, Mwangi angekuwa na hadithi fupi; riwaya ipo kwa sababu hakuna jioni inayotosha.

Tena marudio hayo yana mwendo wake maalumu, mwendo wa mshahara. Siku ya malipo ni siku ya deni. Fedha haijafika mkononi imekwisha kugawanywa, na kinachobaki ni kidogo mno kuweza kufanyiwa jambo lolote la kudumu: hakijengi, hakisomeshi, hakimrudishi mtu kwao akiwa na heshima. Kiasi hicho kina ukubwa wa kinywaji tu. Hapa mtetezi wa njia ya kijamii atashangilia kwamba hoja yake imethibitishwa, na kwa kiasi fulani imethibitishwa. Lakini iangaliwe Ben na Ocholla wanafanya nini wakiwa kilabuni. Wanabishana, wanataniana, wanatukanana kwa ufundi, wanahesabiana madeni. Yale wanayoyakumbuka siku ya pili ni maneno zaidi kuliko pombe. Mwangi amewapa mazungumzo mengi kuliko ulevi, na pale mazungumzo yanapokatika, pombe inabaki bila ladha. Kinachofuatwa kilabuni ni uwezekano wa kusemezana na mtu ambaye hatamwamrisha Ben wala kumwomba kitu. Ocholla anapofikiwa na wake zake wawili na watoto kutoka mashambani, kibanda kinafurika, na urafiki huo unabanwa. Hapo ndipo riwaya inapopata huzuni yake ya kweli, ingawa kinywaji bado kinauzwa kwa bei ile ile.

Na Baby? Kuna kishawishi cha kumfanya mtoto huyu jibu: kwamba starehe ya kudumu ingekuwa ulezi, na kwamba Ben, akimpeleka Baby shule, ameokoka. Mwangi hajaandika hivyo. Baby analowesha kitanda, anakohoa, anagharimu. Ben anamtunza kwa manung'uniko na hakuna mahali anapotangaza kwamba amefurahi. Kinachoweza kusemwa kwa uhakika ni kidogo zaidi na kina thamani zaidi: miongoni mwa mambo yanayorudi kila siku katika maisha ya Ben, Baby ndiye pekee ambaye Ben hamtafuti kwa ajili ya raha, na ndiye pekee ambaye siku ya pili huwa amebadilika.

Maillu ni mwandishi wa tabaka jingine la ustadi, na si lazima kujifanya kwamba vitabu vya Comb Books viliandikwa kwa subira. Vilishukiwa na wahakiki wa Nairobi, vilipigwa marufuku Tanzania katika miaka ya 1970, na vilisomwa na makarani, makondakta na wanafunzi waliovificha chini ya madawati. Hata hivyo, My Dear Bottle (1973) ina jambo ambalo riwaya nzuri zaidi hazina. Ni mazungumzo marefu ya kishairi ya mlevi na chupa yake. Chupa haijibu. Mlevi anaisifu, anailaumu, anaisimulia habari za ndoa na za kazi, na kadiri anavyosema ndivyo inavyobainika kwamba chupa inapungua na maneno yanazidi. Katika mapokeo ya Kiswahili mshairi anayezungumza na kitu kisichojibu anajulikana sana. Anazungumza na moyo wake, na mwezi, na jahazi. Maillu, pengine bila kukusudia, ameichukua nafasi ya moyo wa Inkishafi na kuweka chupa. Matokeo ni ya kinaya: moyo ukionywa unaweza kuongoka, ilhali chupa ikionywa inakwisha, na mwenye kuonya anahitaji nyingine ili aendelee na wosia wake. Kwa upande mwingine, Unfit for Human Consumption (1973), ambamo mtumishi wa serikali aitwaye Jonathan Kinama anautapanya mshahara kwa wanawake na pombe hadi anajinyonga, inairudia njia ya maadili bila haya. Adhabu yake ni kubwa kiasi kwamba inaufunga mjadala. Kinama anakufa kabla hajachoka, na uchovu ndio uliokuwa wa kuchunguzwa.

Uchovu huo umechunguzwa kwa kina zaidi katika riwaya ya Kiswahili ya Tanzania, na ni ajabu kwamba wahakiki wa riwaya ya Nairobi huzisoma fasihi hizi mbili kama kwamba mpaka wa Namanga umechorwa pia katika maktaba. Katika Dunia Uwanja wa Fujo (1975) ya Euphrase Kezilahabi, Tumaini anarithi mali na kuitumia kwa ulevi na wanawake. Ana kila anachokikosa Ben: fedha, nyumba, muda. Starehe inamchosha vile vile. Baadaye anageukia kilimo na utajiri wa kazi, na hatimaye anaua mtu na kunyongwa. Kazimoto wa Kichwamaji (1974) anaufikia ukingo huo kwa njia ya fikra, na anajiua. Wahakiki wa Kezilahabi wameliita jambo hili udhanaishi, na istilahi hiyo inamfaa, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa msomi wa falsafa. Lakini tukio la kuwaweka Tumaini na Ben meza moja linaleta tatizo kwa pande zote mbili za uhakiki. Ikiwa starehe inamponyoka maskini kwa sababu ya umaskini, kwa nini inamponyoka Tumaini? Na ikiwa inamponyoka Tumaini kwa sababu maisha kwa asili yake hayana maana, kwa nini Ben, asiye na falsafa yoyote, anaendelea kuishi, akaamka, akajenga kibanda kilichochomwa, ilhali wenye falsafa wanakufa?

Jibu moja linalowezekana limo katika namna ya kuchoka. Tumaini anachoka kwa kushiba. Anadhani kwamba kuna starehe fulani ambayo hajaipata, na kila anayoipata inamkatisha tamaa. Ben hakuwa na matarajio hayo. Kwake kilevi ni sehemu ya siku kama basi lilivyo sehemu ya siku. Hakiahidi, basi hakiwezi kuvunja ahadi. Si hali ya kusifiwa. Ni aina ya unyenyekevu uliopatikana kwa bei mbaya, na unamwachia mtu nafasi finyu sana ya kutaka jambo jingine. Lakini ni hali yenye akili, na riwaya ya Mwangi inaiheshimu kuliko uhakiki ulivyoiheshimu.

Kuna upande mmoja ambao waandishi hawa wanaume wanaupita kwa haraka. Pombe ya Eastlands ina mwenye kuipika. Mama pima, anayeuza kwa kipimo, hujitokeza katika riwaya kama sauti inayodai fedha au mkono unaojaza glasi. Starehe ya mteja ni kazi yake, na kazi hiyo ina moshi, hongo, usiku wa kuamka na siku za jela. Mwanahistoria Luise White, katika The Comforts of Home (1990), alionyesha kwa ushahidi wa wanawake wazee wa Pumwani kwamba malaya wa zama za ukoloni waliuza mambo mengi zaidi ya tendo la ndoa: chai, maji ya kuoga, chakula, kitanda chenye shuka, na mazungumzo. Wengine walijijengea nyumba kwa mapato hayo na kuwa wenye nyumba wa mji. Hapa yamo mambo mawili ambayo mhakiki wa riwaya hana budi kuyatia akilini. La kwanza, kile kilichoitwa anasa kilikuwa kwa sehemu kubwa mambo ya kawaida ya nyumbani ambayo mfanyakazi wa kiume alikatazwa na mshahara wake na sheria za jiji kuwa nayo. La pili, kilichodumu katika biashara nzima ya starehe ya Pumwani kilikuwa nyumba, na nyumba ilikuwa ya muuzaji. Marjorie Oludhe Macgoye, katika Coming to Birth (1986), anamleta Paulina Nairobi mwaka 1956 na kumweka katika mazingira hayo ya Pumwani. Riwaya yake inajua bei ya maji na ya mkaa, na haishughuliki sana na ulevi. Hilo nalo ni maoni.

Suala la lugha ndilo lenye uzito zaidi kwa idara za Kiswahili. Riwaya zilizojadiliwa hapa za Eastlands ziliandikwa kwa Kiingereza, juu ya watu ambao hawakuzungumza Kiingereza wakilewa. Thomas Akare alilijua tatizo hilo. The Slums (1981), inayosimuliwa na Eddy, kijana wa Majengo anayelala katika gari bovu na kuishi kwa kuosha magari, imeandikwa kwa Kiingereza ambacho kila sentensi inamkumbusha msomaji kwamba chini yake kuna Kiswahili cha Pumwani. Ni kitabu kisicho laini, na hakikupata wasomaji kiliostahili. Lakini nafsi ya kwanza ya Eddy ni mafanikio: hasimami nje ya ulevi wa mtaa akiuelezea, wala hautubii.

Kiswahili sanifu kilivyo katika vitabu vya shule kina msamiati tajiri wa kuhukumu ulevi: uraibu, ufuska, upotovu, mihadarati, anasa, kuzama, kuteketea. Hadithi ya "Maeko" katika mkusanyiko wa Damu Nyeusi (2007) inamsawiri mume mlevi anayemtesa mkewe. "Mkubwa" katika Tumbo Lisiloshiba (2016) inashughulikia biashara ya dawa za kulevya. Zote zilisomwa na kutahiniwa katika shule za upili, na zote zina haki ya kusema zinachosema, kwa kuwa wake wanateswa na dawa zinaua. Linalokosekana ni neno kwa ajili ya kile anachokihisi mtu wakati kinywaji kimeacha kumpa chochote na mkono bado unanyooka.

Maneno hayo yapo mtaani. Mnywaji wa Eastlands anayeamka na kichwa kizito akanywa tena asubuhi anasema anatoa loki, yaani anafungua kufuli. Kinywaji cha leo kinaondoa kinywaji cha jana. Furaha haimo katika hesabu hiyo, na lugha haijifanyi kwamba imo. Anayelewa hadi kupoteza fahamu amezima, kama taa. Hali ya kuchangamka ni stimu, neno lenye sauti ya karibu sana na stima, umeme, na stimu hukatika kama stima inavyokatika, bila taarifa na kwa sababu zilizo mbali na mwenye nyumba. Watafunaji wa miraa wa Eastleigh wanaisubiri handasi, mchangamko unaopanda polepole kwa saa nyingi za mazungumzo, na wanajua kabisa kwamba baada yake ni usiku wa macho makavu na fikra zisizolala. Huu ni ujumi kamili wa starehe isiyokaa. Una wakati wake, una fizikia yake, una ucheshi wake. Riwaya ya Kiswahili iliyoutumia kutoka ndani, pasipo kuufanya kichekesho cha pembeni, ni haba mno.

Muziki umetangulia. Kalamashaka wa Dandora walipotoa "Tafsiri Hii" mwaka 1997, walionyesha kwamba lugha ya mtaa inaweza kubeba simulizi zito la dhiki. Miaka 21 baadaye, Ethic wa Umoja walitoa "Lamba Lolo", na wimbi lililofuata likalaumiwa kwa kutukuza pombe, bangi na ngono. Lawama nyingine zilistahili, hasa palipoimbwa kuhusu wanawake kama kwamba hawana hiari. Lakini asikilizaye kwa makini atagundua kwamba nyimbo nyingi za wimbi hilo hazina habari ya kufurahi. Zina orodha ya vitu, mwito na mwitikio, na mapigo yanayorejea pale pale. Muundo wao uko karibu na ule wa jioni za Ben kuliko wanavyodhani wale waliozikemea na wale waliozicheza.

Mjadala huu haukomei katika ladha ya kifasihi. Mwezi Novemba mwaka 2000, watu zaidi ya 100 walikufa na wengine wakapofuka baada ya kunywa pombe yenye methanoli katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, hasa Mukuru. Walioandika juu yao waliwasema kwa msamiati uliokuwa tayari. Wale wa maadili waliona walevi waliovuna walichopanda. Wale wa huruma waliona maskini waliojisahaulisha dhiki. Hakuna msamiati uliowaruhusu waliokufa kuwa watu waliokwenda mahali pao pa kila siku, wakanywa kitu ambacho hawakukitarajia kuwa kizuri, wakakutana na wenzao. Ingekuwa maji ya bomba yaliyotiwa sumu, kila mmoja angeuliza nani aliyatia. Kwa kuwa ilikuwa kumi-kumi, iliulizwa kwa nini walikunywa. Tofauti ya maswali hayo mawili imetengenezwa, kwa kiasi fulani, na namna ulevi ulivyosomwa na kufundishwa, na wahakiki wamo miongoni mwa walioitengeneza.

Kwa mwandishi wa Kiswahili anayetaka kuingia humo, kizuizi cha kwanza si maadili ya wazazi wala bodi ya mitaala. Ni alama za mtajo. Miswada mingi inayothubutu kuandika loki, stimu au keroro huyaweka maneno hayo baina ya alama hizo, au katika herufi za mlazo, ili msomaji ajue kwamba mwandishi anayajua lakini si yake. Papo hapo msimulizi anakuwa mgeni aliyesimama mlangoni kwa mama pima, ameshika pua, akihesabu glasi za wenzake. Akare hakuzitumia alama hizo kwa Eddy. Kiingereza chake kilichopinda ndicho kilichomruhusu Eddy abaki ndani, na riwaya ya Kiswahili, ambayo haihitaji hata kupindwa ili isikike Majengo, ingali inabisha hodi.